Safari ya kuwafuata walimu wetu waliotangulia: Mwanza, Ukerewe, Musoma

JUMAMOSI, MWANZA

Nimeingia Mwanza jana usiku na leo kazi imeanza. Kwa wasiojua kinachoendelea, sisi tuliosoma pamoja shule ya msingi kule Ukerewe tuna grupu letu la WhatsApp, na hii miaka ya karibuni haipiti muda mrefu inaingia taarifa kwamba mwalimu fulani hatunaye tena. Tunachanga rambirambi, anayeweza kwenda anaenda, wasifu unasomwa, mwalimu anazikwa, basi. Na wasifu zenyewe ukizisikiliza zote zinafanana, marehemu alizaliwa mwaka fulani, akaajiriwa mwaka fulani, akahamia shule hii akahamia ile, akastaafu kwa mujibu wa sheria, ameacha mjane na watoto na wajukuu. Ndo imeisha. Mtu kafundisha karibu miaka arobaini anasomewa dakika tatu na ndani ya hizo dakika tatu hamna hata mwanafunzi mmoja! Hiyo ilituuma tukasema tuwaandikie wenyewe, kila mwalimu wetu aliyefariki apate kurasa zake kwenye kijitabu, na mi kwakuwa nina likizo nikapewa upande huu wa ziwa.

Nimeanza na mzee mmoja mstaafu anaishi huku Butimba. Hakutufundisha sisi, ila alikuwa mratibu elimu kata enzi zile na ndiye aliyewasimamia walimu wetu wakati wanaanza kazi. Nimemkuta kibarazani, nikamwamkia, na kabla sijakaa vizuri akaniuliza, "Wewe ulifundishwa na wa UPE?" Nikamwambia ndio mzee, karibu wote. Akatikisa kichwa, alafu akaanza kuongea na hakunyamaza mpaka adhuhuri.

Tuliozaliwa baadae huwa tunalisikia hilo jina UPE, yani Universal Primary Education, elimu ya msingi kwa wote, bila kujua ilivyokuwa. Azimio la Musoma, Novemba 1974, lilisema ikifika 1977 watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe darasani. Sawa, lakini nani awafundishe? Walimu hawakuwepo. Hivyo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapelekwa vijijini, sehemu ya siku wanafundisha na sehemu iliyobaki wanasoma wenyewe, masomo mengine yanakuja kwa posta mengine kwa redio, miaka mitatu hivyohivyo, na mwishoni wanaitwa chuoni kwa wiki chache. Yani kijana wa miaka 17 au 18, asubuhi yuko mbele ya watoto na jioni anasoma kitu atakachofundisha wiki ijayo. Mzee alikuwa anawapitia kwa baiskeli, shule kwa shule, anakaa nyuma ya darasa na daftari lake. Anasema kuna siku alikuta kijana kafundisha kugawanya vizuri kuliko wakufunzi wa chuoni na kuna siku alikuta kijana kakaa nje analia.

Na watu wakawatania, wakasema UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Mzee alipofika hapo sauti ilimbadilika. Akasema watu waliolisema hilo neno wengi walikuwa wanalisoma gazetini, na kusoma wamefundishwa na nani?

Nimepiga hesabu nikiwa palepale. Kijana aliyezaliwa 1958 au 1960, akaanza kazi 1976 au 77, umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60, maana yake walitoka kazini kati ya 2018 na 2020. Ndo maana taarifa za misiba zinafuatana hivi, ni kizazi kizima kinaondoka pamoja.

Kuna kingine ambacho sijawahi kukisikia kwenye wasifu wowote. Wengi wao usiku walikuwa na darasa lingine, la watu wazima. Kanda hii ya ziwa ndo ulipoanzia mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa, yani kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika kupitia kazi zao, 1968, na baadae nchi nzima ikaingia. Mtihani wa kisomo wa 1975 ulionyesha asilimia 61 ya watu wazima wanajua kusoma na kuandika, na 1986 ikawa asilimia 90. Hizo takwimu huwa zinatajwa kwenye hotuba, ila aliyekuwa ameshika chaki saa mbili usiku hatajwi.

Wakati naaga kanipa ushauri mmoja ambao nimeuandika kwenye simu: ukifika kwenye familia usianze na maswali, omba kwanza uoneshwe karatasi, mwalimu huwa hatupi karatasi.

JUMAPILI, MELINI

Meli ya kwenda Nansio, kule Ukerewe, safari ya kama masaa matatu hivi majini, upepo mzuri tu. Nimetumia muda kupanga majina na kuwapigia watu wajue nakuja. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo akasikia mazungumzo yangu, akaniuliza na sisi tuliosoma shule nyingine je, hao wetu wanaandikwa na nani? Nimempa namba ya mwenzetu anayekusanya, nikamwambia waanzishe la kwao, tutawaelekeza. Usiku nimelala Nansio.

JUMATATU, SHULENI

Kutoka Nansio nimechukua bodaboda. Shule imepata majengo mapya, ila darasa letu la nne bado lipo na lile rimu la gari linalogongwa kama kengele linaning'inia kwenye mti uleule. Mwalimu mkuu wa sasa ni kijana, sisi tunaondoka pale yeye hajazaliwa, lakini nilipomueleza nimefuata nini akaenda kabatini mwenyewe akanitolea kile kitabu kikubwa cha matukio ya shule, cha jalada gumu. Jamani! Kurasa zimekuwa za njano, pembeni panya wametafuna, lakini yanasomeka. Upepo umeezua paa la darasa la pili. Mkaguzi amefika. Wanafunzi wameenda shamba la shule kupalilia pamba. Mwalimu fulani ameenda Nansio kufuata mshahara, hajarudi.

Nikatafuta siku aliyoripoti mwalimu wetu wa Hesabu, nikaipata, mwanzoni mwa 1977, kaandikwa mstari mmoja: amewasili, amepewa darasa la kwanza na la pili, hana pa kulala, atalala kwa mwenyekiti wa kijiji. Nimekaa na huo mstari muda mrefu. Kwenye wasifu wake tulisomewa "aliajiriwa mwaka 1977 na kupangiwa shule ya msingi" nanihii, na kweli hakuna uongo hapo, ila kijana hana pa kulala na kesho yake asubuhi anasimama mbele ya watoto sabini, hiyo ilitakiwa tuisikie.

Alafu nikaomba na daftari la adhabu, na hili lazima niliseme wazi kwasababu kwenye grupu kulikuwa na ubishi mkubwa. Mwenzetu mmoja alikataa kabisa kumuandikia mwalimu wa Hesabu hata sentensi, akasema kidole chake cha mkono wa kushoto hakinyooki mpaka leo na anayetaka kusifia asifie yeye aachwe. Wengine wakamjia juu, marehemu hasemwi vibaya, mara sisi tusingechapwa tusingefika hapa. Mi upande wangu niko na mwenye kidole. Kanuni za 1979 zilisema viboko visizidi sita, atoe mwalimu mkuu au mtu aliyemruhusu, na iandikwe, na mwaka 2002 vikapunguzwa vikawa vinne. Sasa hilo daftari la miaka yetu limejazwa kurasa chache mno, na sisi tuliokuwepo tunajua kilichokuwa kinaendelea kila siku asubuhi. Kidole cha mwenzetu hakipo humo. Kama shule haikuandika na sisi tusipoandika basi itakuwa haijatokea, na mtoto wa miaka kumi ilimtokea.

Jioni nimeenda kwa mjane wake. Nimemkuta anachambua dagaa, akanawa mikono, akanikaribisha ndani. Nikafanya kama mzee wa Butimba alivyosema, nikaomba karatasi. Akaingia chumbani akatoka na mfuko wa sandarusi umefungwa vizuri kwa kamba ya katani. Juu kabisa barua za serikali, ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa daraja, za uhamisho, ya kustaafu, zote kwa mpangilio wa miaka. Anasema hizo ndo zilimtesa alipokuwa anafuatilia mirathi maana jina kwenye barua moja lina herufi moja tofauti na cheti, akaambiwa aende arudi, aende arudi, nauli tu ilimmaliza.

Chini ya barua kulikuwa na madaftari ya maandalio ya somo yamefunikwa magazeti. Nimefungua moja, Hesabu darasa la tano, sehemu. Mwandiko wake uleule uliolala kulia. Ametenga muda wa kila hatua, ameandika mifano atakayoweka ubaoni, na chini kabisa kwenye tathmini, pale ambapo wengi huandika somo limeeleweka wakafunga daftari, yeye kaandika: wanafunzi 11 hawajaelewa kubadili asili, nirudie kesho kwa kutumia muwa. Nikafunua ukurasa wa pili. Karudia kwa muwa. Wanafunzi 4 bado. Siku ya tatu kawaita wale wanne saa ya mapumziko. Na majina ya wale wanne kayaandika, na mmoja wao, sitasema nani, ni huyohuyo wa kidole.

Nilinyamaza. Mama akaniuliza mwenyewe, "Mwanangu, na yale ya fimbo mnaandika?" Nikamwambia mama, kuna mwenzetu aliumia. Akasema, "Najua. Hata hawa wanawe walikuwa wanamuogopa. Hakuwahi kuliongelea na mimi siwezi kumsemea. Ninyi andikeni mliyoyaona." Nimepiga picha kurasa zile kwa ruhusa yake, madaftari yamebaki kwake, hayo ni ya familia.

JUMANNE, KWA MWALIMU WA DARASA LA KWANZA

Leo ndo siku niliyokuwa naisubiri. Tumepita na bodaboda njia ya chuo cha ualimu Murutunguru, mananasi na mihogo pande zote, mpaka kijiji alichozikwa mwalimu wetu wa darasa la kwanza. Mama huyu hakuwahi kufundisha darasa la juu kuliko la pili maisha yake yote ya kazi, na kwenye wasifu wake ilisomwa kama vile ni upungufu, kwamba "alihudumu katika madarasa ya chini." Hapana. Kufundisha darasa la kwanza ndo kazi ngumu kuliko zote pale shuleni na walimu wenyewe wanajua, ndo maana wengi wanaikwepa.

Binti yake kanipokea vizuri sana. Hakuna picha ya mama akiwa darasani, hata moja. Iliyopo ukutani ni ya kitambulisho, ndogo, imekuzwa kwa ajili ya msiba mpaka uso umekuwa vidoti vidoti. Binti anasema mama yake alitoka bara, alikuja Ukerewe hajui Kikerewe hata salamu, na watoto wa darasa la kwanza kipindi kile wengi Kiswahili hawakijui. Hivyo akawa kila asubuhi anawaomba watoto wamfundishe neno moja la kwao na yeye anawapa la Kiswahili, na alikuwa na daftari lake pembeni anayaandika yale maneno. Daftari lipo! Upande mmoja Kikerewe upande mmoja Kiswahili, vitu vya watoto tupu, samaki, mvua, kuumwa tumbo, nimepotea, nataka kwenda nje. Nimelishika hili daftari na kwa kweli machozi yalinitoka.

Alafu binti akasema twende mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, kuna mtu anataka kuniona. Ni mvuvi, mkubwa kwetu kidogo, kasikia kuna watu wanauliza habari za mwalimu. Anasema yeye alikuwa wa mkono wa kushoto na shule aliyotoka alikuwa anafungwa ule mkono kwa kamba ili aandike kwa wa kulia, akawa hataki tena shule. Alipohamia kwa huyu mama hakufungwa. Mama alimpeleka nje chini ya mwembe, akasawazisha mchanga kwa kiganja, akamwambia andika kwa mkono unaotaka wewe. Akaandika kwa kidole, mama akakaa chini mchangani pembeni yake na gauni lake la kazi, akamshika kiganja cha kushoto wakaizungusha herufi a pamoja. Wiki nzima mchangani, alafu ndo ubao mdogo, alafu daftari.

Akanionyesha mtumbwi wake, jina kaliandika mwenyewe kwa rangi nyeupe ubavuni. Na zile a zake ni za mwalimu, nimezitambua palepale, zile za mkia mrefu unaoinuka juu kidogo mwishoni. Hata mimi naziandika hivyohivyo, na wote wa grupu letu tunaziandika hivyo, hatukuwahi kujua kama ni za mtu.

Nimeuliza shuleni kuhusu rejesta za darasa la kwanza za miaka yote ile tuhesabu aliowapitisha, nyingi zimeliwa na mchwa. Basi tutaandika bila idadi.

JUMATANO, NJIANI

Kivuko cha Rugezi kwenda Kisorya, alafu gari mpaka Bunda, alafu Musoma. Vumbi, joto, nimechoka. Nimeandika ukurasa wa mama wa darasa la kwanza wote kwenye simu nikiwa garini, kabla sijasahau sauti ya yule mvuvi.

ALHAMISI, MWISENGE NA BUTIAMA

Nimejipa siku ya kupita shule ya msingi Mwisenge hapa Musoma na mchana nikaenda Butiama. Mwisenge ndo alipoanzia shule Julius Nyerere mwaka 1934. Butiama nimefika Mwitongo, kaburi lake lipo palepale kwenye mji wa familia, watoto wa shule walikuwa wamekuja na basi, wamepanga mstari, mwalimu wao anawasomea.

Huyu ni mstaafu ambaye maisha yake yameandikwa kila upande. Tarehe zake zinajulikana hata na watoto, alifariki 14 Oktoba 1999 London akazikwa hapa tarehe 23. Alifundisha St. Mary's Tabora kuanzia 1946 mpaka 1949, alafu Pugu kuanzia 1953 mpaka alipoacha kazi Machi 1955 kwa ajili ya siasa, ukijumlisha ni miaka mitano hivi darasani, na nchi nzima mpaka leo inamuita Mwalimu. Mi sioni kama ni vibaya. Ila nilichokuwa nakifikiria pale Mwitongo ni James Irenge, aliyekuwa mwalimu wake Mwisenge. Wangapi wanamjua? Na huyo angalau jina lake limehifadhika kwasababu ya mwanafunzi aliyempata. Mwalimu ambaye wanafunzi wake wamekuwa wavuvi na wakulima na mafundi cherehani anakumbukwa kwa njia gani kama hao hawaulizwi? Nimemuuliza mwalimu aliyekuja na wale watoto kama anawaelezea kuhusu Irenge, akasema hapana ila kuanzia leo atasema, na kweli nikamsikia anawasemesha kabla hawajapanda basi.

IJUMAA, MUSOMA

Kituo cha mwisho ni kwa mwalimu wetu wa Siasa na Kilimo, ambaye yu hai, anaumwa miguu ila kichwa kipo sawasawa. Nilienda kumuuliza habari za wenzake. Nikamwambia niliyoyasoma kwenye kile kitabu, kwamba wa Hesabu alipofika hakuwa na pa kulala. Akacheka, "Tulilala wawili kitanda kimoja cha kamba! Mimi nilifika wiki mbili kabla yake." Kumbe masomo ya posta walikuwa wanapata kijitabu kimoja kwa watu wawili, mmoja anakisoma jioni mwingine alfajiri, na ya redio walisikiliza kwa redio ya mwenyekiti, na mwenyekiti mwenyewe alikuwa hajui kusoma. Usiku karabai inawashwa kwa mwenyekiti na anakuwa mwanafunzi wao, mzee wa heshima zake, anayewalisha na kuwalaza, anakaa benchi la mbele. Mwalimu anasema siku mwenyekiti alipoandika jina lake mwenyewe kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji badala ya kuweka dole gumba, wao wawili walitoka nje wakakumbatiana gizani.

Hayo yote hamna mtu mwingine hai anayeyajua.

Alafu akamtuma mjukuu amletee daftari. Kajiandikia wasifu wake. Kila shule na mwaka wake, kila mwalimu mkuu aliyefanya naye kazi, watoto waliofaulu na watoto watatu waliofariki maji wakati wa masika akiwa mwalimu wa zamu, na hao kawaandika kwa majina yao kamili. Ukurasa wa mwisho kaandika kwamba alipiga watoto kwa miaka mingi, kwamba darasa lilikuwa na watoto tisini na hakujua njia nyingine na baadae alipoijua aliacha, na kwamba siku ya mazishi yake akitokea mwanafunzi anataka kulisema hilo asinyang'anywe kipaza sauti. Kanisomea mwenyewe taratibu mpaka mwisho, alafu akaniambia nipige picha kila ukurasa nizitunze, maana watoto wake wanaweza kuona aibu wakauruka ule wa mwisho. Nimepiga. Na nimemuahidi.

Kesho narudi Mwanza kwa basi la alfajiri. Upande wa Geita anauchukua mwenzetu mwingine na nimemsisitiza asisubiri Disemba, kule kuna mwalimu mmoja wa kike mstaafu amelazwa na ndiye pekee aliyeishi nyumba moja na marehemu mwalimu mkuu wetu wa kwanza. Kurasa za mama wa darasa la kwanza zimekamilika, bado binti yake azipitie. Za mwalimu wa Hesabu bado zina nafasi. Usiku huu nimemtumia mwenzetu wa kidole picha za lile andalio la somo, zenye jina lake, nikamwambia sikushawishi kitu, ukitaka kuandika andika ulivyoona wewe na hatutakata neno, usipotaka pia sawa. Imepita kama saa nzima, akajibu anauliza mwisho wa kutuma ni lini. Nimemwambia mwisho wa mwezi.